Yowe na Hoja: Uhakiki wa Santuri "Scum"

Mwalimu wa fasihi amezoea kuuliza maswali mawili: msanii amesema nini, na amesemaje? La kwanza twaliita maudhui, la pili fani, na mara nyingi huyafundisha katika vipindi viwili mbalimbali, kana kwamba moja laweza kusimama bila ya jingine. Santuri ninayoihakiki hapa yautia mashaka utaratibu huo.

Yaitwa "Scum", neno la Kiingereza lenye maana ya povu la uchafu, na pia watu wanaodharauliwa. Waliitoa Napalm Death, kundi lililoanzishwa mwaka 1981 katika kijiji cha Meriden, karibu na Birmingham, Uingereza. Ilichapishwa mwaka 1987 na kampuni ya Earache ya Nottingham, nayo ina nyimbo 28 katika muda wa dakika 33 hivi. Upande wa kwanza ulirekodiwa mwaka 1986, wa pili mwaka 1987. Katikati wanamuziki walibadilika, akabaki mpiga ngoma Mick Harris peke yake. Wajuzi huihesabu miongoni mwa kazi zilizoasisi mtindo uitwao graindikoo.

Tuanze na fani. Asikiaye mara ya kwanza atadhani mashine imeharibika. Magitaa yananguruma, ngoma zapigwa kwa kasi inayolishinda sikio kuhesabu, na mwimbaji habembelezi: anabweka. Wimbo "You Suffer" wachukua sekunde moja na sehemu ndogo tu, ukaingizwa katika kitabu cha Guinness kwa ufupi wake.

Na maudhui? Wimbo wa kwanza, "Multinational Corporations", unayashutumu makampuni ya kimataifa kwa njaa ya mataifa maskini. Nyimbo nyingine zinapinga unyonyaji na utii wa kipofu. Tukumbuke kuwa Birmingham ni mji wa viwanda, na katika miaka hiyo maelfu ya wafanyakazi walikuwa wamepoteza kazi.

Sasa fani na maudhui zimekutana. Mfiwa akipiga yowe, hatumdai vina wala mizani. Yowe lenyewe ndilo habari. Hasira ya vijana hawa ingeimbwa kwa sauti tamu, ingekuwa hasira nyingine.

Hata hivyo, kasoro ipo, nayo si ndogo. Yowe huwaita majirani, lakini jirani akifika hutaka kujua kama ni moto au ni mwizi. Maneno ya santuri hii hayasikiki mpaka msikilizaji ayasome karatasini. Asiyesoma Kiingereza, akiwemo yule mwenye njaa anayetetewa, hubaki na kishindo tu. Hapo msanii amemwita jirani bila ya kumwonyesha nyumba inayoungua.

Pamoja na kasoro hiyo, kazi hii imenifunza jambo. Zamani nililikata kwa wino mwekundu shairi la mwanafunzi aliyeandika juu ya kifo cha mama yake, kwa kuwa mizani yake ilivunjika njiani. Sikujiuliza kama ilivunjika kwa uzembe au kwa uchungu. Leo ningeuliza kwanza, ndipo nishike kalamu. Walimu wenzangu, si lazima tuipende santuri hii. Yatosha ituzoeze kuuliza hivyo.