Kombeo la Mjomba

Kazi inaanzia kwenye jani la mkonge. Mjomba huchagua jani la chini, lile lililokwisha kulala karibu na ardhi, kwa sababu nyuzi zake zimekomaa. Hulikata kwa panga usawa wa shina, huondoa mwiba wa nchani, kisha hulipasua kwa urefu kuwa vipande vya upana wa vidole viwili. Kila kipande hukilaza juu ya ubao na kukikwangua kwa kisu butu, akisukuma kuelekea upande mmoja tu, mpaka nyama ya kijani itoke yote na zibaki nyuzi nyeupe. Maji ya mkonge yanawasha, kwa hiyo hujipaka mafuta mikononi kabla ya kuanza, na hakuna anayemsikia akilalamika.

Tuko Dakawa, wilaya ya Mvomero, kwenye uwanda wa Mto Wami. Mbele yetu kuna majaruba ya mpunga yanayomwagiliwa kwa maji ya mto huo, jaruba baada ya jaruba, na kwa mbali inaonekana Milima ya Nguru. Ni Mei, na mpunga umeanza kuchanua. Mkonge anaoukata Mjomba ni wa uzio, umepandwa na mtu asiyekumbukwa tena. Mmea huu asili yake ni Mexico. Uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na katika miche 1,000 iliyosafirishwa ni 62 tu iliyofika ikiwa hai. Kutoka kwa hiyo 62 yalizaliwa mashamba makubwa ya Tanga na Kilosa, meli za katani na utajiri wa watu wengi. Mjomba anahitaji majani matatu tu. Anatengeneza kombeo la kuamia ndege.

Nyuzi huzifua mtaroni, huzikung'uta na kuzianika siku nzima. Jioni hukaa kwenye kigoda, hukunja suruali, na kusokota juu ya paja. Huchukua mafungu mawili ya nyuzi, huyalowesha kidogo kwa maji, na kuyaviringisha kwa kiganja kuelekea gotini. Kila fungu hujipinda peke yake. Kisha hurudisha kiganja nyuma, na yale mafungu mawili hukumbatiana kwa upande wa pili. Kwenda ni kupinda, kurudi ni kuunganisha. Kwa kuwa kila fungu linataka kufunguka kuelekea kule ambako mwenzake analizuia, kamba haifumuki hata ukiiachia. Uzi unapokaribia kuisha huchomeka mwingine katikati, na hata ukipitisha kidole huwezi kupata pale palipoungwa.

Akipata kamba tatu nyembamba huzisuka pamoja, msuko wa tatu kama wa nywele za mtoto wa shule. Akifika katikati hubadili kazi. Hutawanya kamba, huongeza nyuzi, na kuanza kufuma kipande kipana kwa kupitisha uzi juu na chini kama anayesuka mkeka. Hili ndilo tumbo la kombeo, mahali pa kulaza donge. Lina upana wa vidole vinne na urefu wa kiganja, na katikati yake Mjomba huacha mwanya mwembamba ili kingo mbili zilibane donge lisiteleze. Tumbo humchukua muda mrefu kuliko sehemu nyingine zote. Mara mbili nilimwona akifumua alichokwisha kufuma kwa sababu upande mmoja ulikuwa umelegea kwa kiasi ambacho macho yangu hayakukiona.

Baada ya tumbo msuko unaendelea mpaka ncha ya pili. Ncha moja hupata kitanzi cha kuvaa kidole cha kati. Nyingine hupata fundo la kushikwa kati ya kidole gumba na cha shahada, na baada ya fundo Mjomba huacha shubiri moja ya nyuzi zisizosukwa, zinaning'inia kama mkia. Kisha husimama wima, hushika ncha zote mbili, na kuacha kombeo lining'inie ubavuni. Tumbo linapaswa kufika usawa wa goti lake. Kombeo langu lilikuwa fupi kuliko lake kwa upana wa vidole vitatu, maana mimi ni mfupi. Kombeo hupimwa kwa mwili wa mwenye nalo.

Asubuhi ya pili ni ya udongo. Mjomba huchota mfinyanzi ukingoni mwa mfereji, pale maji yanapotulia na kuacha tope laini. Huutoa mizizi na kokoto, huuchanganya na mchanga kidogo wa mtoni, na kuukanda kwa muda mrefu. Alisoma chuoni utotoni, na mikono inapokuwa kwenye udongo midomo yake husoma taratibu sura ya Al-Fil, inayosimulia ndege waliolirushia jeshi la tembo mawe ya udongo uliochomwa. Anafinyanga madonge ya ukubwa wa ndimu. Kila moja hulitupia-tupia kiganjani, na lile lililo zito au jepesi kuliko mengine hulirudisha kwenye rundo, kwa sababu mkono hukariri uzito mmoja. Ukiubadilishia uzito, unaupotezea kumbukumbu.

Madonge hukaushwa kivulini siku tatu. Jua kali hukausha ngozi ya nje kabla ya moyo, na donge hupasuka kabla halijarushwa. Nilimuuliza kwa nini asitumie mawe, yanayookotwa bure barabarani. Akaniambia jiwe hubaki shambani, na wakati wa kuvuna hukutana na mundu au na meno ya kombaini. Donge huanguka, huvunjika, hulowa, na kesho yake limekuwa shamba tena.

Katikati ya ekari zake mbili kuna dungu. Ni nguzo nne za miti, sakafu ya fito iliyo juu kuliko kichwa cha mtu mzima, ngazi, na paa la nyasi. Kutoka hapo hadi pembe ya mbali kabisa ya shamba ni kama mita 64, na Mjomba hufikisha donge huko bila kujikaza. Kamba zenye makopo na vipande vya mkanda wa kaseti vinavyometameta zimefungwa pembeni, lakini yeye hazitegemei sana. Ndege huzizoea katika siku chache. Kinachobadilika kila mara, anasema, ni mtu.

Saa 12 asubuhi tuko juu ya dungu na umande bado umejaa kwenye masuke. Mpunga uko kwenye hatua ya maziwa: ukiminya punje kwa kucha, unatoka ute mweupe. Kutoka hapa hadi kuvuna ni mwezi mmoja hivi, na katika mwezi huo mtu hatakiwi kukosa hata asubuhi moja. Wanaongojewa ni kweleakwelea. Ni ndege mdogo wa kama gramu 20, dume akiwa msimu wa kuzaa huwa na mdomo mwekundu na uso mweusi. Kwa siku mmoja hula nafaka ya kama gramu 10. Peke yake si kitu. Ila hawaji peke yao, na kundi la ndege milioni moja humaliza tani 10 kwa siku. Huja asubuhi na mapema, hupumzika kwenye miti jua linapokuwa kali, na hurudi alasiri.

Niliwaona kwanza kama moshi juu ya miti ya mtoni. Moshi ukajikunja, ukashuka, ukabingirika: walio nyuma wanaruka juu ya walio mbele, na walio mbele wakiachwa wanakuwa nyuma, kwa hiyo kundi zima linasogea kama gurudumu. Mjomba alikuwa amekwisha kusimama. Bega lake la kushoto lilitazama shamba, kidole cha kati kilikuwa ndani ya kitanzi, fundo limebanwa, donge limelala tumboni. Hakuzungusha mara nyingi kama nilivyowahi kuona kwenye picha za Daudi na Goliathi. Alizungusha mara moja, juu ya kichwa, polepole mwanzoni na kwa kasi mwishoni. Mkono ulipolipita sikio, kidole gumba kilifunguka.

Sauti zilikuwa tatu. Kwanza ule mkia wa katani ulilia, paa, kama mjeledi. Kisha donge lilivuma likikata hewa. Mwisho lilipiga ukingo wa tuta na kupasuka, na vipande vyake vikanyesha juu ya majani membamba ya mpunga kama mvua ya ghafla. Kundi likageuka kwa pamoja, upande wake wa chini ukang'aa kwenye jua, likaenda kutua kwenye nyasi za ng'ambo ya mfereji. Hakuna ndege aliyeguswa. Mjomba alikuwa amekwisha kuweka donge la pili.

Kujifunza kwangu kulianza bila donge. Kwa siku tatu nilizungusha kombeo tupu nyuma ya nyumba, nikisikiliza mkia. Ukiachia mapema haulii. Ukichelewa unalia nyuma yako. Ukiachia kwa wakati wake unalia mbele, kwa ukali, na mkono hausikii uzito wowote. Siku ya nne nilipewa donge, likaenda mferejini, upande ambao hata sikuuelekea. Donge halifuati duara. Likiachiwa hushika njia iliyonyooka kutoka pale mkono ulipokuwa, na kuchelewa kidogo tu kunalipeleka kwingine kabisa. Mjomba hakuniambia nimekosea. Alinipa jingine, akasogeza kiwiko changu juu kidogo. Mwisho wa wiki madonge yangu yalikuwa yanaangukia ndani ya shamba, na wiki ya pili yaliangukia kwenye jaruba nililolitaja.

Hapo ndipo nilipodhani najua. Kila kundi lilipotua nililipiga pale lilipo. Ndege waliruka, wakazunguka, wakatua hatua ishirini mbele, na mimi nikawafuata kwa donge jingine. Debe langu la madonge liliisha kabla ya saa 2. La Mjomba lilikuwa bado limejaa kuvuka nusu.

"Mjomba," aliniita, kama wajomba wa kwetu wanavyowaita wapwa zao, "ndege aliyetua ameshakula. Mtazame aliye hewani. Anakotaka kwenda, wewe tangulia."

Nikaanza kumtazama yeye badala ya ndege. Niligundua kwamba macho yake hayakai kwenye mpunga. Yanakaa angani juu ya mto, yanasubiri kundi lipunguze kasi. Kabla ya kutua kundi hujibana, na sehemu yake ya mbele huinama. Ni wakati mfupi kama pumzi moja. Donge lake huondoka katika pumzi hiyo na kufika kwenye jaruba tupu, jaruba ambalo bado halina ndege hata mmoja, na kundi linakuta kelele mahali lilipotarajia utulivu. Ndege aliyeonja punje ya maziwa hurudi. Ambaye hajaonja huondoka kirahisi.

Nikaona pia asichokirushia. Yangeyange wanaotembea kwenye matuta wakidokoa wadudu huwaacha watembee. Kipanga alipotokea juu ya shamba siku moja, Mjomba aliweka kombeo mapajani na kutulia, na kwa robo saa nzima hakukuwa na kweleakwelea karibu. "Huyu ni mwenzangu wa zamu," alisema.

Hajidanganyi kuhusu uwezo wa kamba ya katani. Kombeo linalinda ekari mbili dhidi ya makundi ya mamia na maelfu. Yakija mamilioni, wakulima hupeleka taarifa kwa bwana shamba, na ndege za serikali hunyunyizia sumu ya fenthion kwenye miti wanakolala kweleakwelea jioni. Mjomba ameishuhudia kazi hiyo na anaiheshimu, maana ameona pia shamba lililoachwa likiwa na masuke matupu. Lakini sumu haichagui. Bundi na vipanga wanaokula kweleakwelea waliokufa nao huanguka. Ndiyo maana, anasema, maadamu kundi ni la kiasi chake, yuko tayari kuamka saa 11 alfajiri kila siku mpaka mpunga uwe wa dhahabu.

Na anaamka. Nimehesabu asubuhi 22 nilizokaa naye. Hupanda ngazi gizani, hupanga madonge katika safu mkono wake wa kulia, hugusa mkia wa kombeo kuona kama umande umeulowesha, kisha hukaa. Kuna asubuhi nzima alizorusha madonge manne tu. Saa zote zilizobaki alikuwa akitazama, bila redio, bila simu, na uso wake haukuonyesha uchovu wala haraka. Mwanzoni niliziona hizo saa kama muda wa kungoja kazi. Sasa najua kwamba ndizo kazi yenyewe, na lile donge ni tamko fupi mwishoni mwake.

Asubuhi ya 22 kundi lilitoka mtoni likiwa chini, likifuata mfereji. Nilisimama. Niliona likijibana, nikaona mbele yake ikiinama kuelekea jaruba la pembeni, na mkono ukaenda kabla sijauamuru. Mkia ulilia mbele yangu. Donge lilipasukia kwenye jaruba tupu, na kundi likapinda hewani bila kugusa suke hata moja, likavuka mfereji na kupotea.

Nilimgeukia Mjomba. Alikuwa amekaa kwenye fito akilipa shamba mgongo, kwa mara ya kwanza tangu nifike, na alikuwa akimimina uji kwenye kikombe.