Kichocheo Kinachozuia: Tahakiki ya Istilahi za Chuma Mwilini

Rasimu ya kijitabu cha mafunzo ya watumishi wa afya iliyoletwa kwetu ili ipitiwe ina sura moja ihusuyo chuma mwilini. Kiswahili chake ni safi, nacho chasomeka bila taabu. Hata hivyo, istilahi zake tatu hazina budi kuhojiwa kabla kitabu hakijapigwa chapa, kwani mbili zapotosha elimu yenyewe, na ya tatu yaweza kumfikia mgonjwa ikiwa kidonge.

Mwili wa mtu mzima una takriban gramu 3 hadi 4 za chuma. Kila siku utumbo hufyonza miligramu 1 au 2 tu kutoka katika chakula, ilhali uboho unaounda seli nyekundu za damu huhitaji miligramu 20 au zaidi. Pengo hilo huzibwa na seli za wengu na ini, ambazo hula seli nyekundu zilizochakaa na kurudisha chuma chake katika damu. Mwili hauna njia maalumu ya kutoa chuma kilichozidi. Kwa hiyo udhibiti hufanyika mahali kinapoingilia damuni. Mdhibiti ni hepsidini, homoni iundwayo na ini, iliyotambuliwa mwaka 2000 na 2001. Mwaka 2004 ilidhihirishwa kwamba homoni hiyo huishika feropotini, protini ya utando wa seli ambayo chuma hupitia kutoka selini. Ikishashikwa, feropotini huvutwa ndani ya seli na kuvunjwavunjwa. Chuma kikizidi, hepsidini huongezeka na njia hufungwa. Kikipungua, njia hufunguka.

Mfasiri ameiita homoni "kichocheo", na matokeo yake ni sentensi isemayo kwamba "kichocheo hiki huzuia chuma kuingia katika damu". Msomaji afahamu nini? Twaujua utetezi: neno la kigeni, lililoingizwa katika elimu hii na Ernest Starling mwaka 1905, nalo lina asili ya Kigiriki yenye maana ya kuamsha au kusukuma. Lakini daktari wa London hausikii mzizi ule anapolitamka. Kwetu mzizi u hai. Kila aliyepata kukaa jikoni anajua kuchochea moto ni nini. Isitoshe, walimu wa kemia wamekwisha kulitwaa "kichocheo" kwa kazi nyingine. Homoni na iitwe homoni.

Feropotini nayo imeitwa "mlango wa chuma". Tamathali yenyewe ni nzuri, na hatupendi kuivunja. Tatizo ni kile kiunganishi -a, ambacho hubeba maana mbili kwa pamoja: kitu kilichoundwa kwa chuma na kitu kipitishacho chuma. Mlango wa chuma, katika mji wowote wetu, ni kazi ya fundi wa kuchomelea. Tungependelea "feropotini" litumike, na mara ya kwanza lifuatiwe na maelezo "mlango wa kutolea chuma". Kuhusu transferini, protini ichukuayo atomu zisizozidi mbili za chuma katika damu, "mchukuzi" yatosha. "Ghala" kwa feritini ni chaguo zuri sana.

Zito zaidi ni "upungufu wa damu", ambalo rasimu yalitumia kwa anemia na kwa uhaba wa chuma bila kubagua. Mtu akipatwa na maambukizo, ini humwaga hepsidini kwa wingi, na chuma hufungiwa ndani ya seli, mbali na vijidudu vinavyokihitaji. Mgonjwa wa namna hiyo aweza kuwa na chuma ghalani huku wekundu wa damu yake umeshuka. Rasimu yaagiza tu: "Mwenye upungufu wa damu apewe chuma."

Kisiwani Pemba, penye malaria nyingi wakati huo, watoto wadogo walipewa chuma pamoja na asidi foliki bila kuchaguliwa kwa hali ya chuma mwilini mwao. Utoaji wa chuma ulisimamishwa mwaka 2003, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba hatari ya kufa au kulazwa kwa maradhi makali ilizidi kwa asilimia 12 miongoni mwao. Katika kundi dogo lililopimwa damu na kuangaliwa malaria kwa karibu zaidi, waliokuwa na uhaba wa chuma pamoja na anemia walinufaika. Mambo mawili, basi, ambayo rasimu yayapa jina moja.

Twapendekeza "anemia" kwa kushuka kwa wekundu wa damu, "uhaba wa chuma" kwa ghala tupu, na "kufungiwa kwa chuma" kwa hali ile ya tatu. Tumekwisha kuambiwa kwamba mama wa kliniki hulijua "upungufu wa damu" pekee. Ni kweli, wala hatumnyang'anyi. Ila kijitabu hiki chaandikiwa mtu anayejaza cheti cha dawa. "Vidonge vya kuongeza damu" na viendelee kuitwa hivyo barazani. Katika jedwali la dozi, ukurasa wa mwisho wa sura, paandikwe "vidonge vya chuma".