Mikono Inayotetemeka

Vijana wa kwaya yetu waliniuliza: je, Mkristo aweza kutazama filamu ya Doctor Strange? Wengine walikwisha kuitazama na kuisifu. Mzazi mmoja akawakemea kuwa ni filamu ya uchawi. Niliona si haki kujibu kabla sijaiona, basi tukaketi tukaitazama pamoja mwanzo hadi mwisho.

Filamu hii ya Marekani ilitoka mwaka 2016. Mwongozaji wake, Scott Derrickson, hafichi kuwa yeye ni Mkristo. Inamhusu Stephen Strange, bingwa wa upasuaji wa ubongo jijini New York, anayeigizwa na Benedict Cumberbatch. Ni hodari, lakini mwenye majivuno; hukataa wagonjwa wasiomletea sifa. Usiku mmoja anapata ajali ya gari, na mikono yake inapondeka. Anamaliza mali yake kwa upasuaji mmoja baada ya mwingine, na mikono inabaki ikitetemeka. Ndipo anaposikia habari za mtu aliyepooza akatembea tena. Anafunga safari hadi Kathmandu, nchini Nepal, kutafuta uponyaji, na huko anafundishwa uchawi.

Wapendwa, hapo niliiona nyumba yetu. Mama yangu alipopata kiharusi, mkono wake wa kulia ulikufa ganzi. Hospitali walipotuambia wamefika mwisho wa uwezo wao, ndugu walikuja usiku na jina la mganga. Hawakuwa watu wabaya, walimpenda mama. Nami, mzee wa kanisa, nilikaa kimya muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Hatukwenda. Lakini tangu siku ile najua kwamba mlango wa mganga mara nyingi hufunguliwa na maumivu. Filamu inaijua kweli hiyo, na naiheshimu kwa hilo.

Picha zake ni za ajabu. Majengo ya New York yanajikunja kama karatasi, barabara zinasimama wima. Huko Hong Kong wakati unarudi nyuma, na kuta zilizobomoka zinajijenga upya huku watu wakipigana katikati yake. Si ajabu ilishindania tuzo ya Oscar kwa ufundi huo. Lakini uzuri huo ndio unaonitia mashaka. Uchawi umepambwa kwa mwanga wa dhahabu na kufanywa kama somo la darasani: soma vitabu, fanya mazoezi, utapata nguvu. Kwetu neno hilo halina mwanga. Linamaanisha bibi kizee anayefukuzwa kijijini kwa sababu macho yake ni mekundu, na familia zinazovunjika kwa kushukiana. Kijana anayetazama asisahau hilo.

Katika Matendo 8, Simoni wa Samaria alitaka kuununua uwezo wa Mungu kwa fedha. Strange anaanza safari yake akiwa Simoni: anataka nguvu kwa ajili yake mwenyewe. Mwishoni anamkabili Dormammu, mtawala wa giza, na kukubali kuuawa tena na tena mpaka adui achoke na kuiacha dunia.

Kijana mmoja akasema, "Mzee, si kama Yesu huyo?"

Nikamjibu kuwa ni kivuli tu. Strange anakitumia kifo kama mtego wa kumlazimisha adui wapatane. Kristo alikufa mara moja, bila hila, akiwaombea waliomsulubisha.

Hata hivyo kuna jambo moja ninalolichukua kutoka filamu hii. Strange angeweza kuitumia nguvu aliyoipata kuirudishia mikono yake uzima, arudi kwenye sifa zake. Anachagua kuwalinda wengine, na picha inatuonyesha mikono ile ile ikitetemeka. Nilimkumbuka Paulo na mwiba wake katika 2 Wakorintho 12: aliomba mara tatu uondolewe, akapewa neema badala yake. Tofauti ni kwamba Paulo alijua ni nani aliyemjibu, na Strange hana wa kumshukuru.

Basi jibu langu kwa vijana: itazameni, lakini msiitazame bila kuzungumza, na wadogo wasiachwe nayo peke yao. Mkono wa mama haukurudi. Kila Jumapili anashika kitabu cha nyimbo kwa mkono wa kushoto, na anaimba.