Je, Kamera Inaweza Kuiona Roho?

Wapo wanaodai kuwa filamu haiwezi kubeba undani wa kiroho. Hoja yao inaeleweka: kamera hunasa mwili, sauti na mwanga, ilhali imani hukaa moyoni. Ukitazama filamu nyingi za Kinaijeria zinazooneshwa katika vibanda vya video hapa Kampala, huku mfasiri akitia mbwembwe kwa Kiluganda, utakubaliana nao. Mchungaji anakemea, miale inatoka mikononi mwake, pepo anapiga yowe na kuanguka. Tumeona muujiza, lakini hatujui mchungaji yule anaamini nini wala imani hiyo imemgharimu nini. Debe tupu haliachi kuvuma.

Hata hivyo, kosa hilo ni la watengenezaji, si la filamu kama sanaa. Ushahidi wangu ni Des hommes et des dieux ya Xavier Beauvois, iliyotunukiwa Grand Prix katika tamasha la Cannes mwaka 2010. Inahusu watawa Wakatoliki kutoka Ufaransa walioishi Tibhirine, Algeria, miongoni mwa majirani Waislamu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vinapowakaribia, wanapaswa kuamua: waondoke au wabaki? Mwaka 1996 watawa saba walitekwa, kisha wakauawa.

Katika filamu hii hamna muujiza hata mmoja. Tunawaona watawa wakilima, wakiuza asali, wakitibu wagonjwa na kuimba zaburi. Kisha tunaiona hofu. Christophe analia usiku akimwita Mungu, na wenzake wanamsikia. Mungu hajibu. Hapo ndipo undani unapoanza, kwa sababu asiyeogopa akibaki si ajabu. Christophe akibaki, tunajua amebaki kwa bei gani.

Onyesho linalosifiwa zaidi ni la mlo wa jioni. Luc, mtawa mganga, analeta mvinyo na kuweka kaseti ya muziki wa Tchaikovsky. Kamera inapita uso mmoja baada ya mwingine; tabasamu linageuka machozi. Hapa nina lawama: muziki ule una nguvu mno, kana kwamba unatuamuru tulie. Nyuso zile zingetosha. Mwisho ni bora zaidi: mateka wanatembezwa kwenye theluji mpaka ukungu unawameza. Kifo chenyewe hakioneshwi.

Atasema mtu kuwa wale ni waigizaji tu, pengine hata hawaamini. Sawa, lakini kwaya nayo hutugusa bila sisi kujua kila mwimbaji ana imani gani. Mhakiki huipima kazi, hapimi dhamiri ya mtendaji.

Kwa hiyo, filamu haiwezi kumwonesha Mungu, wala haina haja. Inachoweza ni kuonesha gharama anayolipa binadamu kwa ajili ya anachokiamini, na kutupa muda wa kuitazama. Sisi tuliozoea kuipima imani kwa kelele tunazihitaji filamu za namna hii. Watengenezaji wetu nao waanze kwa kumpa mchungaji wao usiku mmoja wa mashaka.