Sura Tano Zilizokatwa

Riwaya ya kwanza ya mfululizo wa Nancy Drew, The Secret of the Old Clock, ina milango miwili. Toleo la 1930 linaanza kwa mazungumzo: Nancy na baba yake, wakili Carson Drew, wanajadili mali aliyoacha mzee Josiah Crowley, na akina Topham wanaotarajiwa kuirithi. Toleo la 1959 linaanza barabarani. Nancy yuko kwenye usukani, lori linapita kwa fujo, na mtoto Judy anaponea chupuchupu.

Kati ya matoleo hayo, sura zilipungua kutoka 25 hadi 20.

Vitabu hivi vilitoka Stratemeyer Syndicate, kampuni ya Marekani iliyofyatua riwaya za watoto kama matofali. Edward Stratemeyer aliandaa muhtasari, mwandishi wa kukodiwa akaujaza nyama. Kitabu hiki alikiandika Mildred Wirt, ingawa jaladani lilikaa jina la kubuni, Carolyn Keene. Ufundi wao mkuu ulikuwa mahali pa kukatia sura: hatari inachomoza katika mistari ya mwisho, na jibu linangoja upande wa pili wa karatasi. Mtoto aliyekwisha kuambiwa azime taa ataomba sura moja tu zaidi.

Lakini ubora wa mwanzo wa 1959 hautokani na lori. Kumwokoa Judy kunamfikisha Nancy kwa wanawake wanaomlea mtoto huyo, ndugu wa Crowley waliokosa urithi. Mirathi, neno kavu kwa msomaji wa miaka tisa, sasa ina sura ya mtoto aliyekaribia kufa. Toleo hilo pia liliondoa taswira ya kumdhalilisha Jeff Tucker, mlinzi mweusi, na hilo lilistahili kuondolewa.

Hasara iko kwingine. Wezi wanapomfungia Nancy kabatini katika nyumba ya ziwani ya akina Topham, msomaji anahitaji kukaa naye gizani: asikie woga, aone jaribio likishindwa, ndipo apate wazo jipya. Hapo haraka inaua taharuki.

Anayeandika mfululizo wa watoto kwa Kiswahili asome matoleo yote mawili. Aanze kwa mwendo wa 1959, na akifika kabatini, ampe mtoto muda wa kuogopa.