Kitabu Kinachomsema Mkubwa

Siku moja ya ukungu mwingi, tukisafiri kutoka Makambako kwenda Njombe, tulisikia abiria wawili wakibishana habari za kitabu cha Shaaban Robert kiitwacho Kusadikika. Mmoja alisema ni hadithi ya watoto, kwa kuwa nchi yenyewe yaelea angani. Wa pili alisema ni kitabu cha kuwatukana wakubwa. Sisi twaona ya kuwa wote wawili hawakukisoma vema.

Kitabu hiki kilichapwa mwaka 1951, nchi yetu ilipokuwa chini ya Waingereza, na mtungaji mwenyewe alikuwa karani wa serikali. Mtu alaye mshahara wa serikali hakuweza kumnyoshea mkubwa kidole waziwazi. Basi akajenga nchi hewani. Humo Waziri Majivuno amshitaki Karama mbele ya mfalme kwa kosa la kufundisha watu sheria. Karama ajitetea siku sita, na kila siku asimulia habari za mjumbe mmoja aliyetumwa mbali kutafuta mambo mema, akarudi nayo, akatupwa kifungoni. Jambo la kutazamwa ni hili: Karama hamtukani mtu. Ataja yaliyotendeka, na yaliyotendeka yawashitaki wenyewe. Nathani naye hakuanza kwa kumlaumu Daudi. Alimsimulia habari za mwana-kondoo wa maskini, na mfalme akajihukumu kwa kinywa chake.

Hata hivyo hatusifu yote. Majina ya humo humtangulia mtu kama kengele: aitwaye Majivuno twamjua kabla hajasema neno. Lakini mkubwa mdhalimu wa kweli huweza kuja na jina zuri na maneno ya upole, naye ndiye mgumu kutambulika. Tena mwisho ni mwepesi mno: mfalme asikia, wafungwa wafunguliwa. Wazee wa Ubena waliouona mwaka 1905, na njaa iliyofuata vita vya Majimaji, wasingalisadiki upesi ya kwamba utawala hulegea kwa hotuba za siku sita.

Lakini kitabu kina nguvu ambayo hatukuitazamia. Tulikisoma jioni pamoja na majirani. Mwanzoni tulicheka sana, kwa kuwa tulidhani waziri yule ni Mwingereza tu. Kisha mama mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona mtoto akikuuliza swali darasani wasema hana adabu?" Tukanyamaza, na watu wote wakanyamaza.

Sanaa inayomsema mfalme wa mbali hupendeza kila mtu. Ikifika mlangoni pa mwalimu, pa mzee wa kanisa, au pa mwenyekiti wa kijiji, ndipo ijulikanapo kama tuna masikio. Basi, ndugu msomaji, kitafute kitabu hiki ukisome, kisha ujiulize ni mjumbe gani uliyemfunga wewe nyumbani mwako.