Kisusi Kinapogeuka Ukuta

Nyumba pacha nyingi zilizojengwa Uingereza kati ya vita kuu mbili za dunia zina paa linaloteremka pande tatu: kipaa cha mbele, kipaa cha nyuma na kisusi cha ubavuni. Kisusi hicho ndicho kinachoharibu mpango wa kuweka chumba darini. Ngazi za nyumba hizo kwa kawaida ziko ubavuni, hivyo anayepanda hutokea palepale paa linapoinama, akagonga kichwa.

Dawa yake ni kuondoa kisusi. Ukuta wa nje hupandishwa hadi kileleni, kwa tofali au kwa fremu ya mbao iliyovikwa vigae, na mwamba wa juu hurefushwa hadi kuufikia. Paa likabaki la mgongo wa tembo. Mara nyingi kipaa cha nyuma nacho hufunguliwa, kikajengwa kama sanduku lenye madirisha.

Kazi yenyewe huanzia sakafuni. Mbao za zamani ziliwekwa zibebe plasta ya dari na pengine masanduku mawili matatu, si kitanda na watu. Kwa hiyo boriti za chuma hulazwa kutoka ubavuni hadi ukuta wa pamoja na jirani, na mbao nene za sakafu hupangwa kati yake. Huachwa mwanya mdogo juu ya dari ya chini, ili mbao zikipinda zisipasue plasta. Mihimili ya mshazari iliyoshikilia paa hukatwa baada ya hapo tu; ikikatwa mapema, paa hulegea na kusukuma kuta nje.

Boriti ikiingia kwenye ukuta wa pamoja, sheria ya mwaka 1996 humtaka mwenye nyumba ampe jirani taarifa ya miezi miwili. Huko England, nyumba pacha huweza kuongezewa paa hadi mita za ujazo 50 bila kuomba kibali cha mipango, mradi masharti mengine yatimizwe. Hesabu hiyo hujumlisha ukuta mpya, sanduku la nyuma na nyongeza yoyote ya zamani, jambo ambalo wengi hulisahau. Dirisha la ubavuni huwekwa kioo cha ukungu. Ngazi nayo huzungushiwa kuta zinazohimili moto kwa nusu saa.

Nafasi hupatikana, lakini sura huharibika: pacha mmoja hubaki na kisusi, mwenzake hana, kama kichwa kilichonyolewa upande mmoja. Usawa hurudi siku jirani naye anapoita mafundi.